Vipokezi vya histamini kwenye ubongo wa samaki: mwongozo kamili wa kuvisaka na kuvipima

Histamini ni kemikali ambayo niuroni hutumia kupelekeana ujumbe, na kipokezi ni protini ya seli inayoishika na kuuitikia ujumbe huo. Wanaokwama katika kazi ya kuvisaka vipokezi hivi hukwama mahali palepale. Mmoja ana slaidi zilizowaka ubongo mzima bila kuchagua sehemu. Mwingine alinunua kingamwili iliyotengenezwa kwa kipokezi cha binadamu, ikampa rangi ya kupendeza, na hana njia ya kujua rangi ile imeshika nini. Wa tatu aliwapa samaki klorfeniramini, dawa ya mzio inayozuia aina ya kipokezi iitwayo H1, wakazubaa, akaandika kwamba kipokezi cha H1 ndicho kinachowaweka macho. Mwongozo huu ni wa hao watatu.

Kipokezi hakithibitishwi na shahidi mmoja. RNA yake ionekane ndani ya seli, protini yake ishike dawa inayoihusu, na tabia ya samaki ibadilike kwa namna ambayo haitokei kipokezi hicho kikiwa hakipo. Hatua zimepangwa kwa kufuata mashahidi hao. Nimezieleza kwa samaki pundamilia, Danio rerio, kwa kuwa jenomu yake imesomwa vizuri na vifaranga vyake ni vyangavu kiasi cha kuonekana ndani. Mwenye samaki dhahabu, Carassius auratus, atapata ubongo mkubwa zaidi wa kukata, lakini atabadilisha joto la maji na kupima dozi upya.

## Vitu vya kuwa navyo kabla ya kuanza

- Kibali cha maadili ya utafiti wa wanyama, na kibali cha kutumia vyanzo vya mionzi ikiwa utafika hatua ya 5.
- Samaki wa umri na ukoo unaojulikana, kwenye maji ya nyuzi 28 hivi za Selsiasi, mwanga saa 14 na giza saa 10.
- Samaki waliozimwa jeni ya kipokezi unachokitafuta, kama wanapatikana. Hawa wana thamani kuliko kifaa chochote kwenye orodha hii.
- Trikeini, dawa ya ganzi ya samaki, na sodiamu baikaboneti.
- Paraformaldehaidi ya asilimia 4 ya kukazia tishu, isopentani, barafu kavu, kriyostati (mashine ya kukata tishu iliyogandishwa), na friza ya nyuzi 80 chini ya sifuri.
- Vifaa vya kutengeneza probu, yaani kipande cha RNA kinachojishikiza kwenye RNA unayoitafuta, iliyotiwa alama ya digoksijenini, pamoja na kingamwili ya kuitambua alama hiyo.
- Dawa yenye mionzi inayoshika kipokezi chako (ya tritiamu, yaani haidrojeni yenye mionzi, au ya iodini 125 kwa H2), dawa zisizo na mionzi za kushindana nayo, na vipimo sanifu vya mionzi hiyo.
- Sahani za visima 24 au 96, kamera inayoona kwenye giza kwa mwanga wa infraredi, na programu ya kufuatilia mwendo.

Kingamwili za vipokezi vya histamini sikuziweka, na sikuzisahau. Vipokezi vya familia hii ni maarufu kwa kupata kingamwili zinazoshika vitu vingine, na protini ya samaki inatofautiana na ya panya hasa kwenye mikia, ambako kingamwili nyingi hulenga. Kama ni lazima uitumie, ijaribu kwanza kwenye samaki asiye na jeni hiyo. Rangi ikibaki, iache.

## Hatua ya 1: Amua ni kipokezi kipi

Samaki pundamilia wana vipokezi vya H1, H2 na H3. Utambuzi huo ulichapishwa mwaka 2007 na kundi la Chuo Kikuu cha Helsinki. H4 ya mamalia haikupatikana kwao, kwa hiyo dawa inayouzwa kama ya H4 haina kazi hapa.

Kila kipokezi hupeleka ujumbe ndani ya seli kupitia protini ya G ya aina yake. H1 hupitia Gq na kupandisha kalsiamu ndani ya seli. H2 hupitia Gs na kupandisha AMP ya mzunguko. H3 hupitia Gi, na sehemu yake kubwa ni breki: hukaa kwenye niuroni zinazotoa histamini zenyewe na kupunguza utoaji wake, ingawa hukaa pia kwenye niuroni za aina nyingine. Ukiizuia H3, histamini huongezeka, na badiliko utakaloliona huenda limepitia H1 au H2. Mpango wa utafiti usiolizingatia hilo umeshaharibika kabla samaki hajaguswa.

Jambo la pili ni kutochanganya ramani mbili. Niuroni zinazotengeneza histamini zimekusanyika sehemu ya nyuma ya haipothalamasi, kando ya uwazi wa nyuma wa ventrikali, halafu nyuzi zake zinasambaa hadi telensefaloni (sehemu ya mbele ya ubongo), tektamu ya macho (sehemu ya juu inayopokea ujumbe wa macho) na kwingineko. Ramani ya nyuzi inaonyesha histamini inakofika. Ramani ya vipokezi inaonyesha ni nani anaisikia. Ukitaka kuiona histamini yenyewe, paraformaldehaidi pekee haitoshi kuishikilia kwenye tishu; hutumiwa kabodiimidi, aina ya EDAC, kwa asilimia 4. Watu hupoteza miezi hapa wakiilaumu kingamwili.

Aina ya samaki nayo ina uzito. Katika samaki pundamilia, histamini inayopimika iko hasa kwenye ubongo. Jamii zilizo karibu na sangara, kama Sparus aurata, huihifadhi pia ndani ya seli za kinga ziitwazo masti, na dawa utakayompa samaki wa namna hiyo inaweza kugusa uvimbe na mishipa ya damu kabla haijagusa niuroni hata moja.

Umefanikiwa ikiwa: unaweza kuandika sentensi moja yenye jina la kipokezi, sehemu ya ubongo, na matokeo ambayo yangekuonyesha kwamba umekosea.

## Hatua ya 2: Hakikisha jeni ipo na inasomwa kwenye ubongo

Mababu wa teleosti, kundi kubwa la samaki wenye mifupa ambalo pundamilia ni mmoja wao, walipitia kuongezeka maradufu kwa jenomu nzima, ndiyo maana jeni moja ya mamalia inaweza kuwa na pacha wawili kwa samaki. Tafuta pacha wote kwenye hifadhidata kabla ya kuunda probu. Probu iliyoundwa kwa pacha mmoja itakupa nusu ya ramani, nawe utadhani umeona yote.

Kisha toa RNA ya ubongo, igeuze kuwa DNA nakala, na uikuze kwa PCR, mbinu ya kunakili kipande cha DNA mara nyingi. Tahadhari: katika vipokezi vya aina hii, sehemu ya jeni inayosimba protini mara nyingi haikatwi na introni (vipande visivyosimba protini), kwa mfano H1. Maana yake ni kwamba DNA ya jenomu iliyobaki kwenye sampuli hutoa mstari wa ukubwa uleule unaoutarajia. Tumia kimeng'enya cha kuondoa DNA, na kila mara endesha sampuli moja ambayo haikuwekewa kimeng'enya cha kugeuza RNA.

Umefanikiwa ikiwa: kuna mstari mmoja wenye ukubwa sahihi, mfuatano wake umesomwa na kulingana, na sampuli ya ulinganisho iko tupu.

## Hatua ya 3: Toa ubongo bila kuacha haipothalamasi nyuma

Trikeini huyafanya maji kuwa na asidi. Ifanyie bafa kwa baikaboneti hadi pH ya 7 hivi, la sivyo samaki atakufa akiwa na msukosuko, na mfumo wa histamini ni mmoja wa ile inayohusiana na kuwa macho na kushtuka. Kwa samaki pundamilia mzima tumia miligramu 250 kwa lita au zaidi, kadiri kibali chako kinavyoelekeza, na subiri dakika 10 baada ya mashavu kuacha kupumua. Fanya kazi hii saa ileile kila siku. Kuchanganya samaki wa asubuhi na wa usiku ni kuongeza tofauti usiyoihitaji.

Fungua fuvu kutoka juu ukitaka, lakini kata neva za macho kutoka chini kabla ya kuinua chochote. Anayevuta ubongo kwa mbele hubaki na telensefaloni na tektamu safi, huku haipothalamasi imeng'ang'ania sakafu ya fuvu pamoja na tezi ya pituitari. Baadaye anaandika kwamba haipothalamasi haina vipokezi.

Gawanya samaki katika makundi mawili. Bongo za kutafutia RNA ziingie kwenye paraformaldehaidi ya asilimia 4, usiku kucha, nyuzi 4. Bongo za kushikisha dawa zisiguswe na paraformaldehaidi kabisa, kwa sababu hufunga protini na kubadilisha mahali dawa inapokaa; hizi zigandishwe mbichi kwenye isopentani iliyopozwa kwa barafu kavu. Usizitupe moja kwa moja ndani ya naitrojeni kimiminika. Hupasuka.

Umefanikiwa ikiwa: ukiugeuza ubongo juu chini, ndewe zote mbili za chini za haipothalamasi zipo, hazijachanika.

## Hatua ya 4: Tafuta RNA mahali pake

Tengeneza probu yenye urefu wa kati ya besi 500 na 1500. Fupi mno haina nguvu ya kuonekana, ndefu mno haipenyi vizuri. Chagua eneo lisilofanana na vipokezi vingine vya amini, kwa kuwa sehemu zinazopita ndani ya utando hufanana mno katika familia nzima.

Kwa vifaranga wa siku 5, proteinezi K, kimeng'enya kinachomeng'enya protini ili probu ipenye, ya maikrogramu 10 kwa mililita kwa nusu saa hivi ni mwanzo mzuri, ikifuatwa na dakika 20 za paraformaldehaidi ili tishu isivunjike. Fungu jipya la kimeng'enya lijaribiwe upya, hata likiwa na lebo ileile. Probu na tishu vikutane kwa nyuzi 60 hadi 65, usiku mzima, kisha uoshe bila haraka.

RNA za vipokezi hivi ni chache. Rangi inaweza kuchukua saa nyingi kutokea, na kadiri unavyosubiri ndivyo rangi ya bure nayo inavyopanda. Kwa hiyo weka kwenye sahani hiyohiyo probu ya jeni yenye nguvu kama ile ya Hdc, kimeng'enya kinachotengeneza histamini kutoka kwa histidini. Ikitoa doa la wazi kwenye haipothalamasi ya nyuma peke yake, mikono yako iko salama na kimya cha probu ya kipokezi kina maana. Isipotoa, usiendelee.

Probu yenye mfuatano uleule wa RNA ya jeni, ambayo kwa hiyo haiwezi kujishikiza kwayo, hutumiwa sana kama ulinganisho, lakini inakueleza kuhusu unata wa RNA tu. Probu mbili zinazolenga sehemu tofauti za jeni moja na kutoa ramani moja ni ushahidi bora.

Umefanikiwa ikiwa: seli zenye rangi zina mipaka, zinaonekana pande zote mbili za ubongo mahali palepale, na samaki wengine wanarudia picha hiyo.

## Hatua ya 5: Pima protini kwa dawa yenye mionzi

RNA hukaa kwenye mwili wa seli, ilhali protini inaweza kuwa imesafirishwa hadi ncha ya nyuzi, mbali kabisa. H3 ndiyo mfano wa wazi. Ramani mbili zikitofautiana, usiogope. Soma tofauti hiyo.

Kwa H1 hutumiwa mepiramini, kizuizi cha H1, yenye tritiamu. Kwa H2 kuna iodoaminopotentidini yenye iodini 125, na kwa H3 kuna N-alfa-methilihistamini yenye tritiamu. Iodini 125 hupoteza nusu ya nguvu yake kwa siku 60 hivi, kwa hiyo usiiagize kabla vipande havijakatwa. Tritiamu ina miaka 12 na zaidi. Hiyo haina haraka.

Kata vipande vya maikromita 14 hadi 20. Panga vipande vinavyofuatana kwenye slaidi mbili: cha kwanza kwa mshiko wote, cha pili kwa mshiko holela, yaani ule wa mahali pasipo kipokezi. Viloweshe kwanza kwenye bafa isiyo na dawa ili histamini ya samaki mwenyewe itoke kwenye vipokezi, kisha weka dawa yenye mionzi. Slaidi ya mshiko holela iongezewe dawa isiyo na mionzi kwa wingi wa kukijaza kipokezi chote. Osha kwenye bafa baridi kama barafu, chovya haraka kwenye maji yaliyotoneshwa ili chumvi iondoke, kausha kwa hewa baridi.

Hapa ndipo penye makosa makubwa mawili.

La kwanza ni kushindanisha mepiramini na mepiramini. Molekuli ileile hujaza pia mahali pasipo kipokezi, na zote zinahesabiwa kana kwamba ni H1. Mepiramini inajulikana kushika vimeng'enya vya saitokromu kwenye ini la panya. Hakuna sababu ya kuamini kwamba ubongo wa samaki hauna mahali pengine pa kuivutia. Shindanisha kwa dawa ya umbo tofauti, mfano triprolidini. Halafu fanya jaribio ninalolipenda kuliko yote: klorfeniramini ina maumbo mawili yanayotazamana, na la mkono wa kulia, yaani deksiklorfeniramini, hushika H1 kwa nguvu nyingi zaidi kuliko la kushoto. Mshiko wako ukiondolewa sawasawa na yote mawili, hujapima H1. Kwa H3, R-alfa-methilihistamini inapaswa kulishinda umbo la S kwa namna hiyohiyo.

La pili ni kuazima namba za panya. Mkolezo unaofaa kwa ubongo wa panya hauhusiki na protini ya samaki hadi upimwe. Saga bongo kadhaa pamoja, kwa sababu ubongo mmoja wa samaki pundamilia una urefu wa milimita chache tu na hautoshi, kisha chora mkunjo wa kujaa kwa mikolezo kuanzia sehemu ya nanomola hadi makumi ya nanomola. Mkunjo ukilala juu, unaweza kusoma nguvu ya mshiko na idadi ya vipokezi. Ukiendelea kupanda kama mstari ulionyooka, unapima mafuta na glasi.

N-alfa-methilihistamini ina ukaguzi wake. Ni kichochezi, yaani hukiwasha kipokezi badala ya kukizuia, kwa hiyo hupenda kipokezi kilichoungana na protini ya G. Ongeza GTP isiyovunjika kirahisi. Mshiko wa kweli unapaswa kushuka.

Weka slaidi kwenye filamu au sahani inayosoma tritiamu, isiyo na tabaka la plastiki juu, kwa sababu elektroni za tritiamu ni dhaifu na hazipenyi. Udhaifu huohuo hufanya sehemu zenye mailini (ganda la mafuta la nyuzi za neva) nyingi zionekane hafifu kuliko zilivyo. Linganisha eneo na eneo lilelile la samaki mwingine. Kulinganisha kiini cha kijivu na fungu la nyuzi jirani si haki.

Umefanikiwa ikiwa: ukitoa mshiko holela, kinachobaki ni zaidi ya nusu ya mshiko wote, na kina umbo la viini vya ubongo. Kikiwa na umbo la slaidi nzima, rudi kwenye kuosha.

## Hatua ya 6: Uliza tabia

Vifaranga wa siku 5 hadi 7 hukaa mmojammoja kwenye visima. Waache wazoee, kisha badilisha mwanga na giza. Giza la ghafla huwafanya waogelee kwa nguvu kwa muda, na hilo ni jambo la kupimika. Gawa visima kwa kura. Usiweke dawa zote upande mmoja wa sahani, maana kingo za sahani zina joto na mwanga wake. Anayechambua video asijue kisima kipi kina nini.

Kiyeyushi kikiwa DMSO, kiwe na kiasi kilekile kwenye kila kisima, cha ulinganisho na cha dawa. Anza na dozi nyingi zilizopangana, si moja. Dozi moja inayozubaza haisemi lolote: klorfeniramini huzuia pia vipokezi vya muskarini na kurejeshwa kwa serotonini, na difenhidramini huziba njia za sodiamu. Kwa hiyo kila jibu lipitie maswali haya:

Je, kifaranga bado anaruka ukiigonga sahani, na bado ameelea wima? Kama sivyo, umemlaza kwa ganzi.

Je, dawa nyingine ya H1 yenye umbo tofauti inaleta jambo hilohilo, na lile umbo dhaifu la klorfeniramini halileti?

Je, dawa imefika kwenye ubongo? Kwa mamalia simetidini hupita vibaya kizuizi cha damu na ubongo, ndiyo maana kwa H2 ya ubongo watu huchagua zolantidini. Mkolezo wa kwenye maji si mkolezo wa kwenye niuroni. Mwenye mashine ya kupima dawa ndani ya tishu aitumie.

Je, samaki asiye na kipokezi hicho anaathirika vilevile? Akiathirika, dawa inafanya kazi kwingine, na hapo mjadala umekwisha.

Kwa H3 ongeza kundi moja: samaki waliopewa alfa-fluoromethilihistidini, inayokizima kimeng'enya cha Hdc. Ikiwa kizuizi cha H3 hakileti tena badiliko histamini inapokosekana, basi badiliko lilitoka kwa histamini iliyoachiliwa. Likibaki, tafuta H3 kwenye niuroni nyingine, au shuku dawa.

Kwa samaki wazima wanaochomwa sindano tumboni, kundi la maji ya chumvi si la hiari. Kushikwa na kuchomwa peke yake hubadilisha mwogeleo.

Umefanikiwa ikiwa: mkunjo wa dozi unapanda kwa utaratibu kabla ya ganzi kuanza, na majibu ya maswali yote manne yanaelekea upande mmoja.

## Hatua ya 7: Taja sehemu za ubongo kwa majina yake

Telensefaloni ya samaki hawa imejikunjua kuelekea nje wakati wa ukuaji, wakati ya mamalia hujikunja kwa ndani. Kilicho katikati kwa panya huwa pembeni kwa samaki. Sehemu ya Dl, ya pembeni, ndiyo inayofananishwa na hipokampasi, na Dm, ya kati, na amigdala. Andika majina ya samaki kwanza na ufananisho baadaye, kama unauhitaji.

Hesabu samaki, usihesabu vipande. Vipande 40 vya samaki watatu ni samaki watatu.

## Ikikataa

Hakuna RNA, lakini mshiko upo. Kagua pacha wa jeni kwanza. Kisha fikiria nyuzi zinazotoka mbali: seli mama inaweza kuwa kwenye eneo ambalo hukulikata.

RNA ipo, mshiko haupo. Mara nyingi kuosha kumekuwa kwa muda mrefu mno au bafa haikuwa baridi, dawa ikajiachia. Jaribu slaidi zilizooshwa kwa muda tofauti, na chagua muda ambao mshiko holela umeshuka huku mshiko halisi ukiwa bado umesimama.

Samaki waliozimwa jeni wanaogelea kama kawaida. Kukua bila jeni tangu yai humpa mnyama nafasi ya kujirekebisha. Wape samaki wazima wa kawaida kizuizi cha muda mfupi, na upime tena RNA za vipokezi vilivyobaki kwa waliozimwa.

Matokeo yanabadilika kati ya wiki na wiki. Tazama saa ya kupima, umri wa vifaranga kwa siku, joto la chumba cha kamera, na chupa ya dawa iliyoyeyushwa zamani. Gawa dawa kwenye vichupa vidogo siku inapofika, uvigandishe, na kila kimoja kiyeyushwe mara moja tu.